TAHARIRI: "MIMI NI WA NINI TENA?"



Mavuno yamekwisha, magunia yamo ghalani, na Jumamosi tunakutana katika Mkutano Mkuu. Ajenda ya nne ni lile pendekezo la kila mwanachama kutoa debe moja la mahindi kwa ajili ya wagonjwa, wajane na wazee wasio na mtu wa kuwalimia, na kushika zamu ya siku moja kwa mwezi kuwasaidia palizi. Maneno yamekuwa mengi kisimani na mashineni. Wengine wanasema eti chama ni cha biashara, mambo ya sadaka yapelekwe msikitini na kanisani. Wengine wanauliza waziwazi: "Na mimi nitapata nini?" Swali hilo tusilidharau.

Tuanze na habari ambayo wengi mnaijua. Mzee mmoja wa hapa hapa alirudi kutoka mjini baada ya kustaafu. Watoto wako mbali, na mkewe ametangulia mbele ya haki. Alikuwa akikaa barazani kutwa, redio pembeni, hana neno na mtu. Siku moja alimwambia aandikaye tahariri hii: "Mwanangu, kazi imekwisha, mwenzangu hayupo. Mimi ni wa nini tena?" Nikamjibu harakaharaka, "Mungu yupo, Mzee," nikapanda baiskeli nikaenda zangu. Neno lilikuwa la kweli, lakini nililitumia kumkimbia. Nakiri hapa ukutani mbele yenu nyote kwamba nilikosea.

Aliyemsaidia ni bibi mmoja jirani yake, ambaye macho yake hayaoni vizuri. Alikwenda kumwomba amsomee barua ya mwanawe. Kesho yake akaja mama mwingine na kadi ya kliniki. Kisha karani wetu wa mizani akaugua, na mzee akashika daftari msimu mzima bila posho. Alfajiri anasali, halafu anafika ghalani kabla yetu sote. Juzi nilimwuliza kama bado analo lile swali. Akacheka, akasema: "Nilikuwa namwomba Mungu anionyeshe kazi yangu. Kumbe watu wenyewe walikuwa wanapita barazani kila siku, na mimi nahangaika na redio!"

Hilo ndilo jibu la kwanza kwa anayeuliza atapata nini. Mzee hakupata shilingi. Alipata sababu ya kuamka asubuhi, na wengi wetu tunajua jinsi sababu hiyo inavyoweza kumpotea mtu.

Jibu la pili ni kwa wanaosema dini ikae mbali na ghala. Jamani, dini zetu zenyewe zimelizungumzia shamba. Kwa Waislamu, nafaka ikifika kiwango ina zaka: fungu moja katika kumi kwa shamba la mvua, na moja katika ishirini kwa shamba linalomwagiliwa kwa taabu na gharama. Kwa Wakristo, Kitabu cha Mambo ya Walawi kinamkataza mwenye shamba kuvuna mpaka pembeni kabisa, au kurudi kuokota yaliyodondoka. Hayo ni ya maskini na mgeni. Ruthu alikuwa mjane tena mgeni, Mmoabi, naye aliishi na mkwewe kwa kuokota masuke ya shayiri katika shamba la Boazi kule Bethlehemu. Kote huko mkulima anaambiwa jambo moja: mavuno haya si yako yote.

Tumkumbuke pia Mwalimu Nyerere. Alikuwa Mkatoliki wa kusali hasa. Mwaka 1955 aliacha kazi ya ualimu Pugu, na mshahara wake, akatumikia TANU. Alipong'atuka urais mwaka 1985, na uenyekiti wa Chama mwaka 1990, alikuwa na shamba lake Butiama na angeweza kupumzika. Lakini uzeeni bado alikuwa akiwasuluhisha Warundi, mpaka alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999. Mtu wa namna hiyo hastaafu kuwa na faida kwa wenzake.

Sasa tuseme na upande wa pili. Wako waliovuna magunia matatu tu mwaka huu. Hao wasilazimishwe debe. Watoe siku ya jembe, na itoshe. Wako pia wenye kinyongo kwa sababu ya mchango wa bati ambao hesabu yake haikusomwa mpaka leo. Wana haki. Imani haiondoi stakabadhi. Tunashauri kila debe liandikwe katika daftari, na hesabu isomwe hadharani kila baada ya miezi mitatu, tukianza na hiyo ya bati.

Jambo la mwisho. Kuna aliyependekeza majina ya watoaji na wapokeaji yabandikwe hapa. Gazeti hili linakataa. Mtoaji akitaka kusifiwa, atakuwa amekwisha kulipwa. Na mpokeaji ni mwanachama mwenzetu. Wengi wao walibeba matofali ya ghala hili wakati sisi tulikuwa watoto. Daftari litakaa kwa Katibu, na kamati ya ukaguzi italiona.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Jumamosi saa nne asubuhi, njoo na moyo wako, na kama una swali la mzee wetu, njoo nalo pia. Bado majina sita yanahitajika katika zamu ya palizi. Jina la kwanza ni la aandikaye tahariri hii.

Mhariri