Shauri la Mwezi: Apareyi ya Foto kwa Mwenye Pesa Kidogo

Mwezi huu tunajibu ulizo ambalo vijana wa Kamituga, Nyabibwe na Shabunda wanatuletea mara nyingi: "Pasta, niko na pesa kidogo. Nataka kupiga foto za milima, ndege na msitu. Ninunue apareyi gani?"

Mzazi, usicheke ukifikiri kwamba ni mchezo. Fasi tunazokaa zinabadilika upesi. Kilima kilichokuwa na miti mwaka jana, mwaka huu kiko mashimo matupu; mto uliokuwa safi sasa uko rangi ya udongo. Mtoto anayepiga foto za kwao anawekea wajukuu ushuhuda. Lakini pesa ya shimo ni pesa ngumu, na ya mama anayetwanga mawe ni ngumu zaidi. Haifai kuitupa katika butike kwa sababu ya maneno matamu ya muuzaji.

Anza na kile uko nacho

Kama uko na telefone yenye kamera, ianze nayo mwezi mzima. Kwa ziwa Kivu asubuhi, kwa mawingu juu ya milima, kwa ua la bustani, inatosha kabisa. Pangusa kioo chake kwa kitambaa safi. Usivute foto kwa vidole ili kitu cha mbali kikaribie: kwa telefone nyingi, kule ni kukata foto tu na kuiharibu. Kisha mwezi ukiisha, jiulize: ni kitu gani kilinishinda? Kama ni ndege wa mbali au mnyama ndani ya giza la msitu, hapo apareyi ya kweli itakusaidia. Kama foto zote umezifuta, weka pesa yako. Kuko shule ya watoto.

Usidanganywe na hesabu kubwa

Muuzaji atakuambia: "Hii iko na megapikseli 24, ile iko na 12 tu." Megapikseli moja ni vidoti milioni moja vinavyofanya foto. Sasa sikia. Foto ya karatasi ya kawaida, sentimeta 10 kwa 15, inaomba karibu milioni 2 tu ili itoke safi. Ya ukubwa wa A4, ile ya karatasi ya ofisi, inaomba karibu milioni 9. Kwa hiyo apareyi ya zamani yenye milioni 12 itakutosha kwa ukuta wa nyumba na kwa kalenda ya kanisa pia.

Cha kuuliza ni hiki: apareyi hii inapokea mwanga namna gani? Kwetu mawingu ni mengi, na chini ya miti ya Kahuzi hata saa sita mchana kuko kama jioni. Ndani ya apareyi kuko kibati kinachoitwa sensa. Ndicho kinachopokea mwanga. Sensa kubwa inaona vizuri ndani ya giza kuliko ndogo, sawa vile sahani pana inakusanya mvua kuliko kikombe.

Halafu soma maandishi ya kioo cha mbele. Kioo kilichoandikwa f/2.8 kinaingiza mwanga mara 4 kuliko kile cha f/5.6. Hesabu ikiwa ndogo, mwanga ni mwingi. Wengi hawajui neno hili, na muuzaji hatakuambia.

Njia mbili kwa mtu wa dola 100 au 200

Kwa pesa ya namna hiyo, tafuta iliyotumika. Njia ya kwanza ni apareyi yenye kioo kimoja kisichotoka. Panasonic FZ200 ya mwaka 2012 ni mfano mzuri: kioo chake kinaona mbali sana, na kinabaki f/2.8 tangu karibu hadi mbali. Hufungui kitu katikati ya vumbi wala mvua. Ubaya wake, sensa ni ndogo. Jioni foto zinajaa chembechembe kama mchanga.

Njia ya pili ni apareyi inayobadilisha vioo, sawa Canon 1100D ya mwaka 2011 au Nikon D3200 ya mwaka 2012. Sensa yake ni kubwa sana kuliko ya kwanza. Kioo cha 18-55 kinafaa kwa milima na ziwa. Kwa ndege utahitaji kile cha 55-250 au cha 70-300. Angalisho kwa wa Nikon: D3100 na D3200 hazina mota ndani ya kulenga kioo. Nunua kioo kilichoandikwa AF-S, la sivyo utazungusha kwa mkono, na ndege atakuwa amekwisha kwenda.

Katika njia zote mbili, chukua apareyi yenye kidirisha cha kuwekea jicho. Juu ya ziwa, jua linapowaka, hutaona kitu kwenye kioo cha nyuma. Angalia tena kama iko na kitufe cha + na -. Gorila ni mweusi. Apareyi inafikiri kuko giza, inaongeza mwanga, na mnyama anatoka kijivu kama majivu. Ukishusha kidogo kwa -, weusi wake unarudi.

Mbele ya kulipa

Nenda mchana, na usiharakishwe. Chukua tochi ya kichwa, ile ya shimoni, umulike ndani ya kioo: ukiona nyuzi kama utando wa buibui, ni ukungu, kiache. Piga foto ya ukuta mweupe, uikuze, utafute madoa. Piga foto 20 mfululizo usikie kama mlio ni mmoja. Ingiza kadi yako mwenyewe, uitoe, uirudishe. Omba chaja na fakture. Kama namba ya chini imekwanguliwa, rudi nyumbani; pengine ni machozi ya mtu mwingine, na polisi hawatamtafuta muuzaji, watakutafuta wewe.

Usilipe pesa yote kwa apareyi. Bakisha ya kadi, ya betri ya pili na ya mfuko usiopitisha maji. Kule umeme haufiki, uliza kama inakubali pile za kawaida, zile za tochi ndogo. Ziko apareyi za namna hiyo. Kwa unyevu wetu, ihifadhi pamoja na vile vifuko vidogo vinavyokuja ndani ya karton ya viatu.

Kuko tena neno moja ambalo mtu wa mgodi anapashwa kujua. Ndani ya telefone na apareyi kuko tantali, inayotoka katika koltani ya kwetu. Mwaka 2000, bei ya koltani ilipopanda, watu wengi waliingia kuchimba ndani ya Kahuzi-Biega na kuishi kwa nyama ya msitu. Upande wa milima, tembo walikaribia kwisha, na gorila wengi waliuawa. Apareyi iliyotumika haiombi shimo jipya. Kwa hiyo usione haya kununua ya mkono wa pili.

Mbele ya kutoka nyumbani

Apareyi yenye kioo kirefu inaonekana mbali, na mwenye bunduki anaweza kufikiri mengine. Tangu M23 walipoingia Bukavu mnamo Februari 2025, angalisho limepashwa kuongezeka. Usielekeze kioo kwa bariere, kwa daraja la Ruzizi, kwa kiwanja cha ndege cha Kavumu, kwa depo ya madini, wala kwa mtu mwenye silaha. Salimia chefu wa kijiji kwanza. Foto yoyote haifikii bei ya kichwa chako. Kwa pori la Kahuzi-Biega, usiende mbele ya kuuliza watu wa ICCN kama njia iko salama. Na ukifika kwa gorila, flashi ni marufuku.

Watu pia uwaombe ruhusa. Wabatwa walitolewa ndani ya pori lile katika miaka ya 1970, nao wamechoka kupigwa foto na wageni wasiowauliza hata jina.

Mwisho, jua kwamba kioo cha mbali hakishindi uvumilivu. Pori lile liliundwa mwaka 1970 kwa juhudi ya Mbelgiji Adrien Deschryver. Yeye pamoja na Wabatwa wanaojua nyayo walifuata gorila siku kwa siku, polepole, mpaka kundi la dume waliyemwita Casimir likawazoea. Hawakukaribia kwa nguvu ya chombo; walikaribia kwa kurudi kila siku na kukaa kimya. Wewe nawe anza na ndege wa mti ulio nyuma ya nyumba. Kaa fasi moja, saa moja, juma zima. Akikuzoea, hata apareyi ya bei ya chini itakuletea foto ambayo tajiri wa kupita hataipata.

Na zile foto, usiziache zife ndani ya kadi. Toa chache kwenye karatasi, andika nyuma fasi na tarehe, uweke ndani ya bahasha kavu. Siku moja mtoto atauliza kilima hiki kilikuwa namna gani, nawe utafungua bahasha.