Usimlaumu Mkaguzi Peke Yake

Juzi rafiki yangu wa uhandisi aliniita karakana nikaone kitu. Alikuwa na kipande cha alumini, kwa macho yangu kizima kabisa. Akakisafisha, akakikausha, akakipulizia rangi nyekundu, tukakaa tunapiga stori kama dakika 20. Akaifuta rangi yote kwa kitambaa, halafu akapulizia unga mweupe. Taratibu, juu ya weupe ule, ukajichora mstari mwekundu mwembamba kama unywele. Ufa! Rangi ilikuwa imejipenyeza ndani kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, na ule unga ukainyonya ikarudi juu.

Kwenye sehemu za injini za ndege kanuni ni hiyohiyo, ila rangi yao inang'aa chini ya taa ya urujuanimno na mkaguzi anakaa kwenye giza. Nikajisemea, kumbe rahisi hivi.

Halafu nikasoma habari za ndege ya United 232. Tarehe 19 Julai 1989 diski ya feni kwenye injini ya mkiani ya DC-10 ilipasuka angani, mifumo yote ya haidroliki ikafa, na ndege ikaanguka ikijaribu kutua Sioux City, Marekani. Kati ya watu 296, walikufa 112. Diski ile ilikuwa imekaguliwa kwa rangi mwaka 1988, na wachunguzi waliona kwamba ufa ulikuwepo tayari, mkubwa wa kutosha kuonekana. Tarehe 6 Julai 1996 yakajirudia Pensacola: injini ya Delta 1288 ilipasuka ndege ikikimbia ili iruke, wakafa mama na mwanawe. Ufa mwingine uliopita mbele ya jicho la mkaguzi.

Ukisimulia haya hapa chuoni, jibu la kwanza ni: mzembe huyo, afungwe. Sikubali. Mtu anakaa gizani anageuza kipande baada ya kipande, na karibu vyote ni vizima. Jicho linazoea kutokuona. Kwenye mazoezi ya kufundisha nilisahihisha madaftari ya darasa la watoto 90, na nilipofika kama la 60 mkono ulikuwa unaweka vema kabla sijasoma. Mtoto mmoja akanirudishia lake: "Mwalimu, hapa nimekosa." Niliona aibu, jamani. Diski ya injini haikurudishii daftari.

Wachunguzi wa 1989 waliandika kwamba udhaifu wa kibinadamu haukuzingatiwa vya kutosha kwenye ukaguzi. Wa 1996 waliongeza kwamba hapakuwa na ukaguzi mwingine wa kutosha wa kunasa kilichoponyoka kwenye ule wa kwanza. Kwa hiyo mkaguzi apewe mapumziko, apewe jicho la pili, na sehemu nyeti ipimwe pia kwa njia nyingine, kwa mfano ya mkondo wa umeme.

Na hapa chuoni je? Rafiki yangu aliulizwa kwenye mtihani ataje hatua za ukaguzi wa rangi. Akazitaja zote, akapata maksi zote. Wahadhiri wake nawaomba wajaribu hivi: wachanganye vipande 50 vizima na viwili vyenye ufa, wasimwambie mtu vibovu ni vingapi, wawafungie wanafunzi gizani saa mbili. Wakikubali, mimi wa ualimu nitakuja kukaa nao.