Sukari ya pakiti inashinda kwa sababu makala ni ghali

Ninyi wa Manika na wa Dilala, ninyi wa Kapata na Kasulo, na ninyi mliohamishwa ambao bado mnatafuta pa kutua mizigo: leo nazungumza juu ya sukari. Si ile ya kilo, ambayo kila mtu anajiona akiitia ndani ya chai. Nazungumza juu ya ile ambayo mtu mwingine amekwisha kuitia, huko mbali, ndani ya biskuti, ndani ya sukre ya chupa, ndani ya unga wa ji wa kuchanganya na maji, na ndani ya unga wa uji wa mtoto.

Tumezoea kusikia shauri moja: mama, acha kununua vitu vya sukari, nunua chakula cha kweli. Shauri ni zuri, lakini linamlaumu mama kabla ya kuangalia jiko lake. Chungu cha bukari kinataka unga, maji, makala na saa nzima ya kukaa karibu na moto. Pakiti ya biskuti inataka franga kidogo tu na meno ya kuifungua. Mama anayetoka saa kumi na moja ya asubuhi kwenda kuosha mawe au kuuza barabarani atampa mtoto nini? Atampa kile kisichodai moto.

Kwa waliohamishwa ni vibaya zaidi. Mwezi wa 9 mwaka 2023, Amnesty International na shirika la hapa kwetu IBGDH walitoa ripoti juu ya watu waliofukuzwa kwenye makao yao kwa sababu ya migodi ya kobalti na shaba, pamoja na wakaaji wa Cité Gécamines, hapa Kolwezi. Mwenye kuhamishwa hapotezi chumba tu. Anapoteza mwembe wa nyuma ya nyumba, kashamba ka mihogo, na jirani aliyemkopesha unga. Akifika kwenye chumba kimoja cha kupanga, kitu cha kwanza kilicho karibu ni kiduka, na kitu cha bei ya chini ndani ya kiduka ni kitamu.

Ndiyo maana nasema: wenye kuleta msaada kwa familia hizi, wacheni katoni za sukre na biskuti za sherehe. Leteni gunia la makala, maharagwe, karanga na mafuta. Picha haitakuwa nzuri sana, najua.

Sasa tuje kwa mtoto mdogo, maana hapo ndipo sukari inafanya kazi mbaya zaidi. Ulimi unajifunza mapema. Mtoto aliyeanza na uji wa sukari atakataa uji wa kawaida, na mama atasema "hapendi kula." Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linaomba mtoto anyonye ziwa tu mpaka miezi 6, na baada ya hapo, mpaka afikishe miaka 2, asipewe vinywaji vya sukari wala vyakula vyenye sukari nyingi. Lakini mwezi wa 4 mwaka 2024, shirika la Uswisi, Public Eye, pamoja na mtandao wa IBFAN, walionyesha kwamba Cerelac na Nido za Nestlé zinazouzwa katika nchi nyingi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini zilikuwa na sukari ya kuongezwa, wakati vyakula vya watoto vya kampuni hiyohiyo vinavyouzwa Uswisi havina. Kampuni ilijibu kwamba inafuata sheria ya kila nchi na kwamba imekuwa ikipunguza sukari. Jibu hilo mimi nalichukua kama lilivyo. Kama sheria ya nchi ndiyo inayoamua utamu wa uji wa mtoto, basi swali ni letu na la serikali yetu.

Hapa naiuliza Ofisi ya Kongo ya Udhibiti, OCC, inayochunguza bidhaa zinazoingia. Bidhaa zetu nyingi zinapita Kasumbalesa zikitoka Zambia, Afrika Kusini na kwingine, na maandishi ni ya Kiingereza, mara nyingine ya Kichina, na herufi ni ndogo kama sisimizi. Mtu aliyesoma masomo yake kwa Kifaransa, au ambaye hakusoma, asomeje? Naomba kibandiko cha Kifaransa na Kiswahili, na gramu za sukari ziandikwe kwa herufi za kuonekana. Afrika Kusini tangu mwezi wa 4 mwaka 2018 wanalipisha kodi vinywaji vya sukari kulingana na gramu zilizomo. Maana yake gramu hizo zinaweza kupimwa.

Tukiwa tunangoja, mtoto anayejua Kifaransa nyumbani asaidie. Pale palipoandikwa "ingrédients", kitu kilicho kingi ndicho kinatangulia. Kama sukari iko ya kwanza au ya pili, hiyo ni peremende yenye jina la biskuti. Na sukari ina majina mengi: "sirop de glucose", "dextrose", "fructose", hata "miel", yaani asali. Mtengenezaji akigawa sukari kwa majina matatu, kila jina linashuka chini kwenye orodha, na wewe unadhani ni kidogo. Kisha tafuta "sucres", au "sugars" kwa Kiingereza, ugawe gramu kwa 4: hivyo ndivyo vijiko vidogo. Sukre ya mililita 330 mara nyingi ina gramu kama 35, karibu vijiko 9. OMS inasema mtu mzima afanye vizuri kubaki chini ya gramu 25 hivi kwa siku nzima. Chupa moja imekwisha kupita.

Wengine watasema: basi tununue unga wa ji ulioandikwa "sans sucre". Angalieni tena. Utamu wake unatoka kwa aspartame, cyclamate au saccharine. Mwaka 2023 OMS ilishauri watu wasitegemee vitu hivyo ili kupunguza uzito, kwa kuwa haikuona faida ya muda mrefu. Kwa mtoto bado ni somo lilelile: maji bila utamu si maji.

Jambo moja nataka lieleweke vizuri. Kama kituo cha afya kimempa mtoto aliyekonda pakiti ya Plumpy'Nut, mpeni aimalize. Ndiyo, ina sukari, lakini ni dawa ya utapiamlo. Msimnyime kwa sababu ya makala hii, na msiwagawie wakubwa.

Na bila moto, mtoto atakula nini? Karanga za kuchoma mara moja kwa juma zinakaa ndani ya kopo; kwa mtoto mdogo zisagwe, zisimkabe. Ndizi, embe na parachichi hazidai makala. Mihogo na viazi vitamu vya jioni vinabakia vya asubuhi. Na kuna munkoyo: mzizi wake wenyewe unageuza uji wa mahindi kuwa mtamu, bila kijiko kimoja cha sukari, ukinywewa siku ileile. Wenye kuuza ndani ya chupa wanaongeza sukari siku hizi. Muulizeni muuzaji kabla ya kulipa, na kama ameongeza, mwambieni kesho atengeneze nyingine bila sukari, mtainunua.