Trafiki anang'oa spotilaiti juu ya gari, lakini waya hatari unabaki ndani

Saa mbili usiku, barabara ya Arusha kwenda Makuyuni. Mbele yako inakuja gari, na juu ya paa lake kuna mwanga mweupe kama wa uwanja wa mpira kwenye mechi ya usiku. Unampiga fulu mara moja kumwomba ashushe. Anashusha taa za chini, ile ya juu inabaki inawaka. Kwa sekunde kadhaa unaendesha kwa kukisia.

Ndiyo ile spotilaiti ndefu ya LED. Zamani ilikuwa taa ya gari za porini. Siku hizi utaikuta kwenye mkonga wa safari, kwenye pikapu za mjini, hadi kwenye gari ambazo hazijawahi kukanyaga tope.

Polisi wanapotangaza msako wa vimulimuli na ving'ora, taa hizi nazo huingia matatani. Dereva anaambiwa aitoe, anaandikiwa faini, safari inaendelea. Lakini taa ikifunguliwa harakaharaka kando ya barabara, kuna kitu kinabaki ndani ya gari: waya. Na huo waya ndio wenye uwezo wa kuunguza gari.

Tuanze na mwanga

Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa linapita karibu mita 22 kila sekunde. Dereva wake akipofushwa kwa sekunde tatu tu, amekwenda mita 66 bila kuona vizuri. Ndani ya mita hizo anaweza kuwepo mwenye baiskeli, mtembea kwa miguu, au lori lililoharibika bila kuweka alama.

Taa za kawaida za gari zina fulu na dimu. Spotilaiti ya paa haina dimu. Iko juu, mwanga wake unakwenda moja kwa moja, na kwenye gari nyingi imeunganishwa na swichi yake peke yake. Dereva akishusha taa, yenyewe haina habari.

Australia, ambako gari za porini ni sehemu ya maisha, taa za ziada za mbele hutakiwa kuunganishwa ili ziwake pamoja na fulu tu. Ukishusha, zote zinazima. Hiyo ni kazi ya waya mmoja, fundi anayejua anaiweza.

Sasa twende kwenye umeme

Taa ya inchi 50 mara nyingi imeandikwa wati 288. Gawanya kwa volti 12 za betri, unapata ampea 24. Balbu ya kawaida ya H4 ikiwa kwenye fulu ni wati 60, yaani ampea 5. Kwa hiyo taa moja ya juu inaweza kula umeme wa karibu balbu tano. Ni kweli taa nyingi za bei rahisi huandikwa wati kubwa kuliko zinazotumia, lakini waya hupangwa kwa hesabu ya juu, si kwa kubahatisha.

Njia ya mkato inajulikana. Fundi anatoa waya kwenye betri, anaupitisha kwenye swichi ya dashibodi, anaupandisha juu. Anawasha, taa inawaka, anakwambia "tayari bosi". Na kweli inawaka.

Shida ni kwamba umeme wote unapita kwenye kaswichi kadogo. Na kama waya ni ule mwembamba wa milimita 1.5 unaotumika kwenye taa za nyumbani, kwenda na kurudi inaweza kufika mita 10. Hapo unapoteza karibu volti 3 njiani. Hizo volti zinageuka joto, karibu wati 70, zikipita nyuma ya dashibodi na chini ya kapeti.

Sasa waza waya huo hauna fyuzi. Gari inatikisika kwenye barabara ya vumbi, waya unasuguana na bati, plastiki inaisha. Shoti ikipigwa, betri inaweza kusukuma mamia ya ampea kwa wakati mmoja. Waya unakuwa mwekundu kama jiko la umeme. Fyuzi kazi yake kubwa ni kulinda waya, siyo taa. Ndiyo maana inakaa karibu kabisa na betri. Ukiiweka kwenye dashibodi, kipande chote kutoka betri hadi hapo hakina ulinzi.

Kufunga vizuri kukoje?

Kwa taa ya ukubwa huo, rilei ya ampea 40 inabeba mzigo, na swichi inabaki na kazi ndogo ya kuiamsha rilei. Umeme wa kuiamsha unachukuliwa kwenye waya wa fulu. Fyuzi ya ampea 30 karibu na betri. Waya mnene, milimita 6 kwa umbali wa kufika paani. Kila tundu la bati ambalo waya unapita liwe na mpira.

Juu nako kuna mambo. Kufunga kwenye keria ni salama kuliko kutoboa paa, kwa sababu tundu lisilozibwa vizuri linaleta maji na kutu. Gari za safari zenye paa la kuinuka zinahitaji waya ulioachwa na nafasi ya kutosha, la sivyo kila mgeni anapoinuliwa paa apige picha, waya unavutwa. Siku moja utakatika au utachubuka.

Na kuna swali ambalo wengi hawajiulizi: unaiwasha wapi? Kwenye hifadhi zetu za taifa, kuzunguka na gari usiku bila kibali hairuhusiwi. Kwenye vumbi zito au ukungu, mwanga wa juu unarudi machoni kwako kama ukuta mweupe. Inabaki lami, na lami ina wenzako.

Msako ubadilike kidogo

Kung'oa taa kunaonekana vizuri kwenye kamera. Ila trafiki na wakaguzi wa magari wakiongeza maswali matatu, wataokoa zaidi: taa hii inazima ukishusha fulu? Boneti likifunguliwa, fyuzi iko wapi? Na kama taa imeshatolewa, waya wake umetolewa kwenye betri au bado unaning'inia ukiwa na umeme?

Wewe mwenye gari huna haja ya kusubiri msako. Leo ukipaki, fungua boneti, fuata kila waya wa ziada unaotoka kwenye chanya ya betri. Ukikuta usio na fyuzi, uchomoe hapohapo. Kisha washa taa zako zote ukiangalia ukuta, shusha fulu. Kama ya juu bado inawaka, kesho asubuhi pitia kwa fundi, kabla hujaingia barabarani usiku mwingine.