Bata wa Rukwa na Sheria Yenye Jicho Moja

Kijana wa bonde la Rukwa akitega tanzi akanasa bata wawili wa kitoweo, huyo ni jangili. Hana leseni, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimwachii mwanya. Sina ugomvi na leseni. Ndege asiyelindwa huisha. Ugomvi wangu ni na dola inayomwona mtegaji peke yake.

Ziwa Rukwa, ambalo mkoa wetu wa Songwe unagawana na majirani, halina mto utokao. Mito ya Songwe na Momba huingiza tu. Udongo wa mashamba ya miinukoni na zebaki ya wachenjuaji wa dhahabu wa Lupa vikishafika ziwani havina pa kwenda. Hutuama katika tope lile lile analochokora bata. Hapo doria iko wapi? Sisi wa Ruanda foleni ya malori ya Tunduma tunaisikia kila siku; habari za ziwa, kimya.

Mwaka 2000 tulijiunga na Mkataba wa Ramsar, uliozaliwa mwaka 1971 kwa ajili ya makazi ya ndege wa majini. Tumeorodhesha ardhioevu nne, ya mwisho mwaka 2004. Rukwa haimo. Na sheria ile ile ya 2009 ilimtaka Waziri ayapitie mapori tengefu ndani ya miezi 12, ili ardhi ya vijiji isiwemo. Mwenye tanzi hukamatwa siku hiyo hiyo. Aliyechelewesha mipaka hushitakiwa wapi?