Maganda ya Matunda: Fursa ya Vipodozi kwa Wajasiriamali wa Ufipa

Katika masoko ya Manispaa ya Sumbawanga, maganda ya machungwa, maembe na ndizi huhesabiwa kuwa taka, na jukumu la kuyaondoa hubaki kwa halmashauri. Viwandani, maganda hayo ni malighafi. Ganda la chungwa hutoa mafuta yenye manukato, ambayo zaidi ya asilimia 90 ni limonene, pamoja na pektini inayotumika kuzipa krimu na losheni uzito.

Umbali ndio unaoipa hoja hii nguvu. Sumbawanga ipo zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, na ganda bichi, ambalo sehemu yake kubwa ni maji, huoza njiani. Ganda lililokaushwa ni jepesi na hustahimili safari. Hivyo thamani itabaki Rukwa iwapo usindikaji utafanyika Rukwa. Msingi upo: mkoa unalima na kukamua alizeti, na mafuta yake hutumika katika vipodozi. Maganda makavu yakilowekwa humo huyapa harufu. Kwa kuanzia, kikundi kinahitaji kikaushio cha nishati ya jua, kinu na chujio.

Hata hivyo, uasilia pekee si uthibitisho wa usalama. Mafuta yanayokamuliwa kwenye maganda ya ndimu na malimau yana kemikali zinazoweza kuunguza ngozi inapopigwa na jua, na ganda ndilo linalobeba mabaki ya viuatilifu. Udhibiti wa vipodozi ulihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS) mwaka 2019, na SIDO huwaunganisha wajasiriamali wadogo na shirika hilo. Mwaka 2023, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilikubaliana kuondoa vipodozi vyote vilivyoongezwa zebaki ifikapo mwaka 2025. Pengo litakaloachwa na krimu hizo ni soko kwa bidhaa salama, si kwa mkorogo mwingine.

Mtaji unaweza kutafutwa katika mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Lakini hatua ya kwanza haihitaji mkopo: ni kutenganisha taka mezani kwa muuzaji. Ganda lililokwisha kuchanganyika na plastiki na majivu halifai tena kugusa ngozi ya mtu.