Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Mafuta ya Kukinga Jua ni Dawa

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.

Nakuandikia kwa heshima, nikiwa mzazi wa mtoto mwenye ualbino. Taifa hili lilisimama kidete kulaani mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, na lilifanya vyema. Lakini saratani ya ngozi imewaua wengi kuliko mapanga, nayo haitangazwi redioni.

Chanzo chake kinajulikana. Ngozi ya mtu mwenye ualbino haina melanini ya kutosha kuzuia mionzi ya jua, na nchi yetu iko karibu na Ikweta, ambako mionzi hiyo ni mikali mwaka mzima. Hupenya hata mawingu. Katika nyanda za juu kama Njombe na Makete, watu hudhani baridi inawakinga, kumbe mionzi huzidi kadiri mtu anavyopanda mwinuko. Ngozi huanza kwa kuwa nyekundu na kukauka, kisha hutoa magamba usoni, masikioni, shingoni na mikononi. Magamba hayo yakiwahiwa, huondolewa kwa kugandishwa na naitrojeni, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Yakiachwa, huwa vidonda visivyopona. Wapo wanaofika hospitali ya saratani ya Ocean Road wakati saratani imeshakula sikio au shavu.

Mheshimiwa, kinga ipo, na tunayo hapa nyumbani. Mafuta ya Kilisun yalibuniwa Moshi, katika hospitali ya KCMC, mahsusi kwa ngozi hizi. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani liliingiza mafuta ya kukinga jua katika orodha yake ya dawa muhimu, kwa ajili ya watu wenye ualbino na wengine wenye ngozi isiyostahimili jua. Hayawezi tena kuhesabiwa kuwa kipodozi. Anayekaa juani hutakiwa kuyapaka upya kila baada ya saa mbili, kwa hiyo chupa inayogawiwa mara moja kwa mwaka, siku ya maadhimisho ya ualbino, Juni 13, mbele ya kamera, huisha mapema sana. Mkulima hawezi kuacha palizi akisubiri Juni nyingine.

Ninaomba mambo matatu. Kwanza, mafuta haya yapatikane bure katika kila zahanati mwaka mzima, yakiwa na fungu lake katika bajeti, yaagizwe Bohari ya Dawa kama zinavyoagizwa dawa za malaria. Pili, waganga wa zahanati wafundishwe kutambua dalili za mwanzo, na kliniki za mkoba za ngozi zifike kila wilaya kwa ratiba inayojulikana. Tatu, ukishirikiana na Waziri wa Elimu, toeni waraka kwa shule zote: mtoto mwenye ualbino avae kofia pana na mikono mirefu bila kuadhibiwa kwa kuvunja kanuni za sare, na asisimamishwe paredi wala kupelekwa shamba la shule kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inawapa haki ya huduma za afya. Haki hiyo ikiishia kwenye karatasi, haizuii kidonda. Mheshimiwa Waziri, agiza mafuta yafike zahanati kabla ya msimu ujao wa kilimo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mzazi